Sanda ya Bibi na Meli ya Baba

Baba yangu hakuwahi kuiona bahari hata siku moja, lakini haikupita siku nyumbani kwetu Itigi bila yeye kuitaja meli. Alisema "meli" tu, kama wakulima wanavyosema "mvua", bila kueleza ni ipi. Meli ikifika tutapata mafuta ya taa. Meli ikifika tutabadilisha bati la ghala. Nilipoachika Tabora nikarudi nyumbani na sanduku la mbao, nikiwa na miaka ishirini, sina mtoto wala bangili, aliitikia shikamoo yangu kisha akasema, "Usilie, mwanangu. Meli ikifika nitakushonea gauni." Nilishindwa kujua nicheke au niendelee kulia. Mume kaniacha, baba ananiahidi meli.

Sasa nimekuwa mzee kuliko alivyokuwa yeye wakati ule, na ulimi wangu haujapungua ukali. Nilimlaumu baba kwa miaka mingi. Kumlaumu kulinifaa, maana kulinisaidia nisijitazame mwenyewe. Ukweli ni kwamba jambo lile tulilifanya watu wawili, na ufunguo ulikuwa kwangu.

Duka letu lilikuwa karibu na stesheni, upande wa kaskazini wa reli. Upande wa kusini vilianza vile vichaka vya Itigi, vilivyosongamana hata mbuzi akiingia humo, mwenye mbuzi huhesabu amepotea. Humo ndani waliishi warina asali. Walileta asali na masega, sisi tukachemsha masega, tukachuja kwa gunia, tukaimimina nta kwenye makarai ikagandia humo. Vile vibonge vya manjano vilipanda treni kwenda Dar es Salaam, huko vikapanda meli kwenda Ulaya. Meli ile ile, kwa hesabu ya baba, ilirudi na nguo, sindano, majembe, chai, taa za chemni na mafuta yake. Baba alipenda kuwaeleza watu barazani. "Nchi yote hii ya Mwingereza, kubwa kama ilivyo, inapita kwenye mlango mmoja. Mkonge wa Tanga, pamba ya Usukuma, karanga zetu hizi, ngozi, nta, vyote vinaingia melini. Na shati ulilovaa limetoka humo humo." Wasikilizaji walijitazama mashati. Wengi wao, kama yeye, maji makubwa kuliko yote waliyowahi kuyaona yalikuwa ya ziwa pale Singida mjini.

Mimi nilipokuwa mdogo niliijua meli kwa alama moja tu. Kila jora la bafta nyeupe lilipofunguliwa lilikuwa na muhuri wa buluu pembeni, mchoro wa nanga. Nilidhani ni jembe lililoharibika.

Mama alikufa nikiwa mchanga, hivyo aliyenilea ni bibi, mama yake baba. Alikuwa Mnyaturu wa upande wa Mgori, akaolewa na babu aliyepanda bara kutoka pwani na bidhaa kichwani. Akasilimu, akajifunza Kiswahili, ila hasira zake zote alizimalizia kwa Kinyaturu. Niliporudi kutoka Tabora hakuniuliza kosa lilikuwa la nani. Aliniwekea uji, akanitazama kwa yale macho yake yaliyokwisha kuingia mtoto wa jicho, akasema, "Huyo mwanaume ana hasara, na hajui." Kisha akavua ufunguo uliokuwa shingoni mwake akanivalisha mimi. "Macho yangu yanaondoka. Sanduku langu utalifungua wewe."

Ndani ya sanduku lile kulikuwa na kitu kimoja cha maana: sanda yake. Wazee wa Kiislamu mjini kwetu walikuwa na desturi hiyo. Mtu akiona mvi zimemzidi, anajinunulia bafta yake mwenyewe, anaiweka, ili siku yake ikifika asimsumbue mtu na asizikwe kwa nguo ya kuokoteza. Bibi aliinunua ya kwake kwa kuku na mayai aliyouza miaka miwili, kutoka dukani kwa mwanawe, na alikataa katakata kupewa bure. "Nguo ya safari yangu nitaitafuta mwenyewe," alisema.

Kila Ijumaa kabla ya adhuhuri sanduku lilifunguliwa. Tuliitoa sanda, tukaitandaza juu ya tenga lililopinduliwa, tukaweka chetezo chini yake, moshi wa udi ukaipanda. Kisha bibi aliikunja mwenyewe, pembe kwa pembe, akipapasa. Nikiwa na miaka tisa au kumi, siku moja nilichochea makaa kwa kishindo, cheche ikaruka. Tulipoinyanyua sanda ilikuwa na tundu lililoungua, dogo, la kadiri ya punje ya kunde. Nilijua nitapigwa. Bibi aliingiza ncha ya kidole kwenye tundu, akacheka mpaka akakohoa. "Basi vizuri," alisema. "Watu wote wanakwenda na nguo nyeupe, malaika watachanganyikiwa. Mimi watanijua kwa tundu langu." Tangu siku hiyo, akimaliza kuikunja, alilitafuta lile tundu kwanza ndipo afunge.

Kisha vikaja vile vita vikubwa vya pili vya Wazungu.

Mwanzoni hatukuviona. Vijana walichukuliwa, treni zikajaa askari, bei zikapanda, watu wakanung'unika kama kawaida. Lakini taratibu rafu za duka zikaanza kuonyesha mbao zake. Nguo ziliisha kwanza. Halafu sindano, halafu mafuta ya taa. Baba alikuwa akienda stesheni kila treni ya kutoka pwani inapoingia, anamuuliza stesheni masta, Mhindi mmoja mpole aliyezisoma simu za waya, "Meli imefika?" Na yule anatikisa kichwa. Tuliambiwa meli nyingine zimezamishwa baharini, nyingine zimechukuliwa na serikali kubeba askari, na zile chache zinazopenya zinabeba mkonge kwanza. Nta ingoje.

Nyuki nao hawakuambiwa kwamba kuna vita. Mwaka ule vichaka vilichanua kupita kiasi. Ghala letu likajaa nta mpaka mlangoni. Jua likiwa kali ilinuka mtaa mzima, harufu tamu ya kuchosha, na siku hizi nikiwasha mshumaa wa nta bado moyo unanichafuka. Utajiri wote ule tulikuwa nao, na baba alikuwa akitembea na suruali yenye kiraka cha gunia. Watu walianza kuvaa magunia. Wanawake wa vijijini walirudi kwenye ngozi za mbuzi walizokwisha kuziacha tangu enzi za mama zao, wakaona haya kuja gulioni mchana. Wafu walizikwa kwa mapazia. Nilisikia huko Mtinko mtu alizikwa kwa mkeka mtupu. Bibi aliposikia hayo alinishika mkono, akasema, "Mimi nina yangu," kwa sauti ya mtu aliyefunga zizi mapema. Siwezi kuisahau sauti hiyo.

Mwishoni mwa kiangazi alikuja mzee mmoja wa nta. Alikuwa Mgogo, mrefu, anaishi ndani ya vichaka mwendo wa siku mbili kusini ya reli, na kila mwaka mzigo wake ulikuwa safi kuliko wa mtu yeyote. Alifika na punda wawili na mkewe nyuma. Wote wawili walikuwa wamevaa ngozi.

"Mbukwenyi," alitusalimu kwa lugha ya kwao, kisha akahamia Kiswahili. Baba aliipima nta, akamtolea shilingi mezani. Mzee hakuzigusa.

"Shilingi nitavaa?"

"Mzee mwenzangu, vumilia. Meli ikifika..."

"Hiyo meli yako ulinipa mwaka jana vilevile," mzee alisema, bila hasira. "Mimi nikiitwa barazani nakwenda na ngozi ya mbuzi, vijana wa shule wananicheka. Mke wangu huyu hataki kwenda kisimani. Nipe nguo nikuachie nta. Nguo huna, nabeba nta yangu, na wenzangu nitawaambia wasihangaike kuja."

Baba alikuwa na barua mfukoni. Ilikuwa imekuja kwa treni siku mbili kabla, kutoka kwa tajiri wa Dar es Salaam aliyenunua nta yetu: meli imekaribia, aendelee kukusanya nta, asiwapoteze warina asali, nguo zitashuka na meli hiyo hiyo. Alikuwa ameisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Mtu akishaamini jambo kwa miaka, karatasi moja inatosha kummaliza.

Alinikuta nyuma ya nyumba nachochea moto chini ya pipa la masega. Bibi alikuwa amelala ndani.

"Nipe ufunguo wa sanduku la mama."

Nilielewa papo hapo. Nilimwambia, "Baba, hiyo siyo ya duka."

"Wiki tatu tu. Meli ikifika nitamwekea jora zima, atajifunika mara nne. Mama ni mzima, jana kamaliza ugali wote mbele yako. Anakufa kesho?"

"Na isipofika?"

"Itafika," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kuniomba. Sikuwahi kumsikia baba akiniomba kitu.

Mwanamke aliyeachika hula chakula cha baba yake kwa adabu. Hayo ndiyo niliyojiambia. Nilijiambia pia kwamba huenda kweli ni wiki tatu. Nilivua ufunguo shingoni nikampa. Nilikaa pale pale kwenye moshi, nikaisikia bawaba ya sanduku ikilia, na baada ya muda nikawaona mzee na mkewe wanavuka reli na punda watupu. Mke alikuwa amekikumbatia kile kitambaa kifuani kama mtoto mgonjwa.

Sehemu inayofuata baba hakuniagiza. Niliibuni mwenyewe. Baba aliponirudishia ufunguo, nilichukua mifuko miwili ya pamba iliyokuja zamani na unga wa ngano, nikaifumua, nikaifua kwa maji ya majivu, nikaifukiza udi, nikaikunja pembe kwa pembe, nikaiweka sandukuni mahali pa sanda.

Ijumaa bibi alikaa mahali pake. Nilifungua. Nilitaka kumtolea mimi, akaniwahi, akaingiza mkono. Niliuona mkono ule ukifika juu ya kitambaa ukasimama. Vidole vilitembea pembeni taratibu, vikatafuta, vikarudi, vikatafuta tena. Mfuko wa unga ni mzito, una nyuzi nene, hata mtoto angejua. Na tundu halikuwepo. Nilingoja anitukane kwa Kinyaturu. Ningefurahi kama angenitukana.

"Meli imefika?" aliuliza.

"Bado, bibi."

"Haya. Funga."

Hakuuliza jingine, wala hakumwambia baba neno. Ijumaa iliyofuata nilimkumbusha sanduku, akasema mgongo unamuuma.

Wiki tatu zikapita, zikawa sita. Siku moja baba alirudi kutoka stesheni akitembea katikati ya njia, watu wanamsalimu haitikii. Stesheni masta alikuwa amepata habari. Meli ile haitafika. Baba alimuuliza ipi, akajibiwa, "Ile uliyokuwa ukiingojea." Iko chini ya bahari, na watu wake, na nguo zote. Baba alikaa kwenye gunia la karanga. Nilimwambia, "Tuma mtu kwa yule mzee, sanda irudi, tumrudishie nta yake." Akasema atatuma. Kesho yake alisema mvua zimeanza, njia haipitiki. Kesho kutwa yake alisema yule mzee huhama na mizinga yake, nani atampata. Najua alikuwa anaona haya. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwetu ilifanya zaidi ya hapo.

Bibi alishikwa na homa mvua zilipokolea. Kila asubuhi nikimpelekea uji aliniuliza, "Meli imefika?" na mimi, mwongo mkubwa, nikamjibu, "Iko njiani." Aliuliza hivyo siku sita. Siku ya saba hakuuliza. Alikufa jua likiwa limechomoza kidogo, mkono wake ndani ya wangu, na nilijua kwa nini ameacha kuuliza.

Wanawake walikuja kumwosha. Aliyewaongoza aliniambia, "Lete sanda yake, yeye alijiwekea." Mtaa mzima ulijua kwamba bibi ana sanda nzuri. Nilifungua sanduku mbele yao nikatoa ile mifuko. Walitazamana. Hakuna aliyeuliza, na hilo lilinichoma kuliko kuulizwa. Baba alileta kanzu yake ya Idi, nyembamba imechakaa mabega, ikapasuliwa ikatumika kumfunika kichwa na kifua. Hiyo ndiyo iliyokuwa nguo nyeupe ya mwisho nyumbani, na jirani zetu walikuwa wamekwisha kuzikia wafu wao nguo zao nyeupe. Iliyobaki ilikuwa mifuko. Nilikuwa nimeifua mara tatu kwa majivu, na maandishi ya kinu cha unga bado yalionekana, mekundu mepesi, yakapita ubavuni mwake kwa lugha asiyoijua. Tulitia kafuri na udi. La kuvunda halina ubani, lakini tulitia.

Jeneza lilikuwa uani, wanaume wanajipanga, ndipo yule mzee wa nta alipoingia. Habari za msiba hupenya hata vichakani. Alikuwa amesikia kutoka kwa wenzake kwamba bibi ni mgonjwa, akaanza safari, akatukuta tunazika. Alikuwa amejifunga bafta nyeupe tupu, begani mpaka magotini. Pale uani, katikati ya magunia na viraka na makoti yasiyo na mikono, yeye peke yake ndiye aliyekuwa amevaa nguo.

Nilikuwa mlangoni na kata ya maji. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa pole. Nadhani aliniona nikiitazama ile nguo, maana alijitazama, akaona haya kidogo.

"Hii sikuwa nimewahi kuivaa, binti," alisema. "Mke wangu alisema tuiweke, ni nzuri mno. Leo nimeivaa kwa heshima ya mama wa nyumba hii. Alikuwa ananipa maji kila nikifika."

Ilikuwa bado na mikunjo ya bibi, pembe kwa pembe. Ilinukia udi.

Ningeweza kusema. Mwalimu wa msikiti alikuwepo, wanawake walikuwepo, jeneza lilikuwa halijainuliwa. Neno moja tu, na mzee yule, ninavyomfahamu, angeivua pale pale, akarudia ngozi yake ya mbuzi, akazika nayo. Nilimtazama baba. Alikuwa amejifunga shuka kuukuu na koti juu, maana kanzu yake ilikuwa jenezani, na nilijua kwamba ameiona, na nilijua kwamba ameijua. Alikuwa akinitazama mimi, kama mtu anayengoja mwenzake aanze. Mimi nilikuwa nikimngoja yeye.

Mzee alikunywa maji, akanirudishia kata, akaenda kuingiza bega chini ya jeneza. Walipoinua, nguo ilijivuta begani, nikaliona tundu. La kadiri ya punje ya kunde. Lilivuka lango, likavuka njia ya reli, na mimi nimesimama na kata mkononi mpaka halionekani tena.

Meli ilifika. Si mwezi ule wala mwaka ule, lakini ilifika, na treni ikatushushia marobota, na watu wakacheza mtaani. Baba hakwenda tena stesheni, tuliletewa nyumbani. Alifungua robota la kwanza, akatoa jora la bafta lenye nanga ya buluu pembeni, akachukua ufunguo kwangu, akalibeba mikononi mpaka chumbani kwa bibi, akaliweka sandukuni, akafunga. Alinirudishia ufunguo bila kunitazama. Tangu siku hiyo hakuitaja meli tena, na mimi, niliyeichoka meli tangu utoto, nilitamani aitaje hata mara moja.

Alikufa zamani. Jora lingali sandukuni, limeanza kuwa la manjano. Mjukuu wangu huniambia, bibi, kwa nini usilifanye sanda yako, nguo nzuri kama hiyo. Namwambia hilo lina mwenyewe. Ijumaa nyingine hulitoa, nikalifukiza, nikalikunja pembe kwa pembe, nikalipapasa lote kutoka mwanzo mpaka mwisho. Halina tundu.